Mtoto Hajazwi Kama Redieta

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wauguzi wanafunzi, mmoja wao huniuliza ni kazi gani iliyokuwa ngumu kuliko zote katika chumba cha watoto njiti. Hutarajia nitaje mishipa iliyo myembamba kama uzi, au stima kupotea mvua ikinyesha. Mimi huwajibu kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kukaa kitako, kikombe mkononi, bila kufanya lolote. Hucheka. Nami hucheka nao, maana najua siku moja watanikumbuka.

Ninyi mnaosoma haya pengine mnatafuna chapati huku mkibishana kuhusu mpira, na hamjawahi kujiuliza mnawezaje. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hujiuliza kila siku. Anajua kunyonya kidogo. Anajua kumeza kidogo. Kupumua pia anajua, akikumbuka. Asichojua ni kuyafanya hayo matatu kwa zamu. Akinyonya anasahau kupumua. Akikumbuka kupumua, maziwa nayo yanataka kuingia kwa mlango huohuo. Hadi ajifunze, hulishwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni, na hawezi kwenda nyumbani. Kumfundisha kuachana na mrija huo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, katika hospitali moja ya misheni kwenye vilima vya Kilungu, ambako asubuhi za Julai hata kuku husitasita kutoka.

Kwa sababu ya baridi hiyo, chumba chetu cha njiti kilikuwa na joto mchana na usiku, na watu wote wa hospitali walikiita Mombasa. Mpishi akituona tumetoka na jasho usoni angeuliza, "Mombasa kukoje leo?" nasi tungejibu kwamba samaki ni wengi ila bado wadogo.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Rahabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekulia Tseikuru akichunga mbuzi, na ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Wakati huo tulikuwa tumeanza kuacha chupa za kunyonyea, ambazo kuzichemsha kulimaliza kuni za jikoni, na kutumia vikombe vidogo vya dawa. Siku moja nilimlisha mtoto kwa haraka ya kustaajabisha. Nikamwonyesha Sista Rahabu kikombe kitupu, nikisubiri sifa. Yeye akachukua kitambaa kilichokuwa chini ya kidevu cha mtoto, akakikamua mbele yangu taratibu, maziwa yakachuruzika.

"Aliyelishwa hapa ni kitambaa," akasema. "Kipeleke kwenye mizani tuone kama kimenenepa."

Kisha akanionyesha. Mtoto hufungwa shuka kwa mikono iliyokunjwa karibu na uso, hushikwa karibu wima, na ukingo wa kikombe huegemezwa kwenye mdomo wa chini hadi maziwa yaguse tu. Hapo unaacha. Humwagi. Unangoja ulimi utoke kuyafuata wenyewe, kama paka anayeonja. Akilamba mara kadhaa na kutulia, usidhani amelala kazini, anapumua. Nawe pumua. Akianza kuvitanua vidole vyake vyote, kama askari wa barabarani anayesimamisha magari, simama, hata kama kikombe bado kimejaa. Askari huyo hahongeki.

Miaka mingi baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikiwa na mvi chache na watoto waliokuwa wakinizidi kimo. Huko nilijifunza sababu: kwamba ubongo wa mtoto hukomaa kwa ratiba yake, na kwamba uwezo wa kupanga kunyonya, kumeza na kupumua huja majuma machache tu kabla ya siku ambayo angepaswa kuzaliwa. Nilifurahi kuujua ukweli huo, kwa kuwa ulinisamehe. Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba watoto fulani walinigomea mimi binafsi.

Sasa niwasimulie habari ya mtoto wa Katunge, ambayo iliwafundisha watu wazima watatu hayo yote kwa mpigo, mimi nikiwa mmoja wao. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Sista Rahabu alikuwa amestaafu, na Mombasa ilikuwa mikononi mwangu.

Katunge alijifungua kwa upasuaji, mapema mno, akiwa hajitambui. Mtoto wa kike aliletwa kwetu mara moja. Mama alipelekwa wodi ya wanawake, chini ya mteremko, na jeraha lake likapata usaha. Mtu mwenye homa na jeraha la namna ile hakuruhusiwa kuingia Mombasa, na mtoto wa uzito ule hakuruhusiwa kutoka. Basi Katunge akawa mama ambaye hajamwona mwanawe. Kazi yake ilikuwa kukamua maziwa; kazi ya kuyapandisha mlimani na kunisaidia kumlisha mtoto wakaichukua watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mama yake, Susu Kalunde. Susu ni bibi kwa Kikamba, na huyu alistahili neno hilo lote: mrefu, mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, mkulima wa machungwa aliyezoea kuamrisha miti na watu. Wa pili alikuwa mume wa Katunge, Mulwa, dereva wa lori la simenti kwenye barabara ya Mombasa, ile Mombasa ya kweli. Kila safari aliliegesha lori njia panda, akapanda kilima kwa miguu akiwa na vumbi la Mtito Andei kwenye nyusi.

Watu wawili wenye mapenzi kiasi hicho ni neema kwa muuguzi. Tatizo lilikuwa kwamba hawakuweza kuwa ndani ya chumba kimoja.

Hawakuwa wamegombana. Kwetu Ukambani mume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana, na heshima hiyo tunaiita nthoni. Hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawaketi meza moja. Familia hii walikuwa watu wa kanisa na mchungaji alikuwa amewaambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Walimwitikia "amina" kwa sauti, kila mmoja akiwa upande wake wa kanisa, na wakaendelea kuepukana.

Mombasa ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Mulwa, kwa uungwana wake, alibuni njia ya kumwarifu mama mkwe kwamba anakuja: alipiga honi ya lori kutoka njia panda. Honi ile iliwaamsha watoto wote wa Mombasa na baadhi ya wagonjwa waliokuwa wametolewa meno. Nilipoikataza, akahamia dirishani. Susu akiwa ndani, yeye alisimama nje akitazama miti, akisubiri zamu. Na hapo ndipo nilipopata cheo kipya cha kupeleka ujumbe kati ya watu waliosikiana vizuri kabisa.

"Sista," Susu angesema, "mwambie huyo mtu wa lori kwamba mtoto akishikwa wima namna ile, maziwa yote yatashukia miguuni."

Ningegeuka dirishani. "Baba Mtoto, mama amesema—"

"Nimesikia, Sista. Lakini wewe niambie, ndiyo nijue nimeambiwa."

Nikamwambia. Akafikiri huku akiutazama mti.

"Mwambie mama, kwa heshima zote, mtoto hajazwi kama redieta ya lori. Hata redieta yenyewe ukiimwagia maji kwa haraka inakurudishia usoni."

"Amesema nini?" Susu akauliza, mkono kiunoni.

Kila mmoja alikuwa na sababu. Susu alikuwa amelea watoto wake kwa namna aliyolelewa yeye: unamlaza mtoto mapajani, unakinga kiganja mdomoni mwake kama mfereji, unamimina uji, naye atake asitake anameza. Watoto wake walikuwa hai, na mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu. Nilipomweleza kwamba mapafu ya mtoto huyu hayawezi kuvumilia kiganja, alikubali kikombe. Ila nilipogeuka nyuma, kikombe kililala kidogo, kisha kidogo tena. Kiliisha haraka, na kitambaa cha chini ya kidevu kilinenepa.

Mulwa naye aliielewa kazi siku ya kwanza, kwa lugha yake. "Kumbe ni klachi," alisema nilipomweleza habari ya kunyonya, kumeza na kupumua. "Anataka kubadilisha gia bila kukanyaga klachi, ndiyo maana anazima." Alimshika mtoto kama mtu aliyebeba kioo, akangoja. Mtoto akalamba. Akangoja. Mtoto akalala, kama alivyopenda kulala kazi ilipoanza, jambo lililotufanya tumwite Mheshimiwa. Mulwa aliweza kukaa hivyo hadi mguu wake ufe ganzi, na mwishowe kikombe kingali kimejaa robo tatu. Subira ilikuwa nyingi, lishe kidogo, na kilichobaki nilikipitisha kwenye mrija.

Niliwaacha waendelee hivyo, nikidhani nthoni yao ni mzaha mtamu wa hospitali usiomdhuru mtu. Kisha nikaona kwamba maziwa yanayopanda mlima yanapungua. Siku baada ya siku chupa ilikuja na kidogo zaidi, hadi asubuhi moja ikaja na yasiyofunika hata kitako chake. Nikavua aproni, nikashuka wodi ya wanawake.

Katunge alikuwa ameketi kitandani akiutazama ukuta. Homa ilikuwa imeondoka tangu jana yake, jeraha limekauka vizuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Sista," akasema, "mlimzika wapi?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani?"

"Mtoto wangu. Semeni tu. Mimi si wa kwanza."

"Katunge, mtoto yuko hai. Nimemwacha sasa hivi amelala."

"Mama anasema anakunywa kikombe kizima kama ndama. Mulwa anasema analamba vitone tu, kama paka. Mama anasema ni mweusi kama baba yake. Mulwa anasema ni mweupe kama mimi. Mtoto akiwa hai, watu wawili wanaomwona husema jambo moja. Hawa hata hawajakubaliana uongo."

"Mimi je? Mimi namwona kila siku."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe umeajiriwa, Sista."

Nilipanda mlima ule nikiyarudia maneno yake. Ilikuwa kweli: hawakukubaliana lolote, kwa sababu hawakuzungumza. Susu alishuka kwa binti yake na matumaini yake, Mulwa na hofu zake, kila mmoja kwa saa yake, na katikati ya habari hizo mbili Katunge akachimba kaburi. Na mwili wa mama aliyefiwa huacha kutengeneza maziwa. Yakikauka, tungebaki na maziwa ya kopo, ambayo watoto wadogo kama Mheshimiwa mara nyingi hawakuyaweza. Niliwahi kuwaona walioshindwa.

Niliwaambia wote wawili, mmoja ndani na mmoja dirishani.

Susu akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie tutakwenda pamoja."

Katunge hakuweza bado kupanda mlima na mshono ule, basi daktari alikubali mtoto ashushwe kwa muda mfupi, mradi asipate baridi. Wakati huo tulikuwa tumeanza kuwabeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo za mzazi, na joto la mwili lilifanya kazi vizuri kuliko chupa zetu za maji moto. Swali lilikuwa kifua cha nani. Nilijiandaa kwa vita. Susu akajipapasa kwenye mtulinga.

"Mimi nimebaki mifupa," akasema. "Mwambie yeye. Huyo ana joto la injini."

Basi tukashuka. Mbele alikwenda Susu na kitambaa chake cheupe, kikombe na kitambaa cha kidevu mikononi, akitembea polepole bila kugeuka. Nyuma alikuja Mulwa, Mheshimiwa ndani ya shati lake na blanketi juu, akiwa ameinamisha mwavuli mweusi mbele ya uso ili mama mkwe akigeuka kwa bahati mbaya asikutane na macho yake. Hapakuwa na mvua wala jua la kutisha. Katikati nilikuwa mimi, nikimwelekeza Mulwa penye ngazi, kwani haoni. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua kwenye nyasi walinyamaza. Mzee mmoja akainuka kwenye benchi, akavua kofia, na wengine wakamfuata.

Hapo ndipo nilipotambua tunafanana na nini. Na wodi ya wanawake ilikuwa na madirisha upande ule.

Tulipoingia, Katunge alikuwa amelala akiupa mlango mgongo, shuka imefunika kichwa. Wanawake wa vitanda vya jirani walitutazama kama watu wanaopokea msiba. Susu akasimama dirishani, akatazama nje. Mulwa akasimama karibu na kitanda, mwavuli ungali wazi ndani ya nyumba. Nikafungua kinywa nianze maelezo.

Mheshimiwa akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo sana, ya kustahili mtu wa ukubwa ule, na kwa kuwa hakuridhika nayo, akapiga ya pili. Shuka ikashuka polepole. Katunge akageuka, akautazama mwavuli, akalitazama shati linalochezacheza. Mulwa akapiga magoti, akafungua vifungo viwili.

Katunge akagusa shavu lile kwa ncha ya kidole.

"Mlinidanganya wote wawili," akasema. "Ni mwekundu."

Wodi nzima ikacheka, na Katunge akacheka huku machozi yanamtoka, akishika jeraha lake kwa mkono mmoja kwa kuwa kucheka kulimuuma.

Tulimweka mtoto kifuani pake. Nilikusudia amnuse tu na kumzoea. Lakini yule aliyekuwa akilala kila kazi inapoanza akafungua macho, akatoa ulimi, akatafuta, akapata. Akalamba. Akanyonya mara moja, akapumzika. Na mwili wa Katunge, uliokuwa umeamini umefiwa, ukapata habari kwa njia yake wenyewe: maziwa yakashuka kwa nguvu, yakalowesha gauni. Kwa furaha akalikamua titi ili mtoto apate zaidi. Mheshimiwa akakohoa. Vidole vyake vyote vikatanuka, askari katikati ya barabara.

Nilikuwa ninanyoosha mkono, ndipo sauti ikatoka dirishani, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa amegeuka, aliyesikia tu.

"Mulwa," Susu akasema. "Mwambie mke wako apunguze. Mtoto si redieta."

Hakuwahi kulitamka jina lile. Mwavuli ukatikisika.

"Ndiyo, mama," Mulwa akajibu moja kwa moja, kisha akamwinamia mkewe. "Ngoja kwanza. Acha akanyage klachi."

Katunge akaachia. Mtoto akavuta pumzi, akaikusanya mikono yake kifuani, akatulia, kisha akarudi mwenyewe: kunyonya, kumeza, kupumua. Susu alikuwa akihesabu kila funda kwa kutikisa kichwa, mgongo ungali kwetu.

Najua mtauliza. Ndiyo, maziwa yalirudi hadi tukakosa vyombo, na baada ya majuma machache mrija ulitolewa na Mheshimiwa akaenda nyumbani, hapohapo Kilungu, ambako leo, naambiwa, huwezi kumnyamazisha mezani. Ndiyo, wawili wale waliendelea kuepukana, ila mwavuli ulistaafu. Zamani niliiona nthoni kuwa usumbufu mtupu. Siku hizi nafikiri ilihitaji tu kile ambacho mtoto alihitaji, yaani kujua wakati wa kusita na wakati wa kumeza.

Lakini nikiwakumbuka, siwakumbuki siku waliyoondoka. Nakumbuka dakika zile wodini, mdomo wangu ungali wazi, tayari kupeleka ujumbe ambao haukuwa tena na haja ya mjumbe. Mtoto alikuwa anamnyonya mama yake. Baba alikuwa anangoja. Susu alikuwa anasikiliza. Kikombe alikuwa amenikabidhi mimi, nami nikatafuta kiti, nikakaa kitako, nikaifanya ile kazi ngumu.